Samadi ya Wageni

Jumamosi moja nilitoka zamu ya asubuhi kiwandani nikamkuta ng'ombe wetu anatafuna taya la mbuzi. Taya zima, na meno yake. Alikuwa amesimama zizini nyuma ya nyumba yetu hapa Komarock, Nairobi, ametulia, mate yanachuruzika, mfupa unalia kra, kra, kama mtu anayetafuna muwa. Baba yangu alikuwa amekaa kwenye stuli kando yake akimtazama.

"Baba, ng'ombe anakula nini?"

"Mfupa."

"Naona ni mfupa! Nauliza, kwa nini ng'ombe anakula mfupa?"

"Si wewe huleta vichwa vya mbuzi kutoka machinjioni Kiamaiko? Labda umemtamanisha."

Mimi nina hasira za karibu, sitakuficha. Kiwandani wananijua, na majirani wananijua zaidi. Baba yeye hana hasira kabisa, na hilo ndilo linalonimaliza. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, na miaka yote ile ya kungoja treni ilimfundisha kwamba hakuna kinachokuja kwa sababu umepiga kelele. Nililishika lile taya, nikavutana na ng'ombe, akaniramba mkono mpaka kwenye kiwiko, na mwishowe nikalipata nikalitupa jaani.

Haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshakula zulia la mlangoni, kipande cha gunia, na kitambaa changu cha kichwa cha kanisani, kile cheupe cha chama cha akina mama. Jirani mmoja alimwona siku hiyo ya kitambaa akasema, "Wueh! Huyo si ng'ombe, huyo ametumwa." Habari ikafika kanisani kabla yangu. Jumapili iliyofuata akina mama wenzangu, wengi wao watu wa kwetu magharibi, walikuja wakazunguka zizi wakaimba na kukemea pepo. Ng'ombe aliwasikiliza vizuri. Walipomaliza akanyoosha shingo akaanza kutafuna ncha ya leso ya mwenyekiti.

Ungeweza kucheka, na mimi nilicheka, lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuwa la kucheka. Ng'ombe huyo alikuwa amepandishwa mara tatu na mara zote tatu hakushika mimba. Maziwa yalikuwa yameisha. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyemnunua na ambaye huongoza familia hii kwa simu, alikuwa amesema neno la mwisho: mwezi wa nane ukiisha kama hana mimba, anakwenda kichinjioni.

Baba alipoambiwa alisema, "Sawa." Lakini mimi ndiye ninayeishi naye, na mimi ndiye ninayemwona. Tangu Mama afariki, Baba huamka alfajiri, huvaa gambuti, na humsalimia ng'ombe kabla ya kutusalimia sisi. Humsomea magazeti ya zamani, haki ya Mungu, kwa sauti. Humkatia nyasi, humfagilia, humtazama akicheua. Nilijiuliza: ukimwondolea mzee mjane ng'ombe wake hapa Nairobi, unamwachia nini? Kiti na televisheni. Nimewaona wazee wa namna hiyo mtaani, hawamalizi miaka miwili. Niliogopa. Nilikuwa na hasira kwa sababu niliogopa, ndivyo nilivyo.

Basi nikamtafuta daktari wa mifugo. Alikuja dada mmoja mdogo kwangu kwa umri, mwenye gambuti na maneno machache. Alimpima ng'ombe joto, akamwangalia macho, akapitisha mkono mbavuni. Halafu akasema, "Sasa nionyesheni anachokula."

"Daktari," nikamwambia, "mgonjwa ni huyu hapa mbele yako. Nyasi haiumwi."

"Najua, mama. Nionyeshe tu."

Nyasi yetu iko nyuma ya ukuta wa mtaa, chini ya nyaya za stima, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kujenga. Ni nepia, safu kumi na moja, zilizopandwa na wazazi wangu zamani kwa mbegu ambayo Mama aliileta kutoka nyumbani kwa basi, gunia zima la vipande. Ilikuwa kijani kibichi, na nilijivunia. Daktari aliinama akashika shina moja, akavuta kwa mkono mmoja. Likatoka. Mizizi yake ilikuwa mifupi, michache, mtu angeweza kuihesabu. Akapekua majani ya chini tukaona kingo zake zina rangi ya zambarau.

"Mnaweka mbolea gani?"

"Ya kukuzia," Baba akajibu. "Kila mvua ikija."

"Na ya kupandia?"

Baba alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza kwa nini samaki hawanywi chai. "Daktari, hii nyasi ilishapandwa."

Mimi nilicheka. Ninapoandika hivi bado naona aibu, lakini nilicheka kabisa. Mahindi hupandwa kila mwaka na kila mwaka hupewa ya kupandia, hilo hata mtoto wa mtaa wa Umoja analijua. Lakini nepia hupandwa mara moja, halafu unakata inaota, unakata inaota. Nani atakipa mbolea ya kupandia kitu ambacho hakipandwi?

Yule dada hakukasirika. Akachuchumaa akatueleza taratibu. Ya kukuzia huleta majani, akasema, ndiyo maana mnaona kijani, lakini kijani hicho kinawadanganya. Kinachokosekana ni fosforasi, ile iliyomo kwenye mbolea ya kupandia. Hiyo ndiyo huleta mizizi kwenye nyasi, na kwa ng'ombe huleta mifupa, na hata mimba huitegemea. Ng'ombe akiikosa anaitafuta popote, kwenye mifupa, kwenye matambara, na mifupa ya jaani inaweza kumuua. Kila mkikata nepia mnaitoa kidogo kwenye udongo. Ng'ombe anaila nyasi, na sehemu kubwa inatoka tena kwenye samadi. Samadi ikirudi hapa, inarudi nayo.

"Samadi yenu inarudi hapa?"

Baba akanitazama. Mimi nikatazama nyaya za stima.

"Inakwenda kwa wageni," Baba akasema.

Lazima nieleze. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Kule nyumbani ungempa kuku, au ndizi, au debe la mahindi. Hapa mtaani hatuna kuku wala ndizi, lakini Mama, tangu siku ya kwanza aliyofuga, aliona kwamba tuna kitu kimoja ambacho kila mtu wa mitaa hii ya Eastlands anakitaka: samadi. Kila mtu ana ndoo zake za sukuma wiki kwenye baraza au kwenye paa. Kwa hivyo mgeni akija, akishakunywa chai na kuomba, husindikizwa na kigunia. Samadi ya Mama ilikwenda Kayole, ikaenda Umoja, ikafika mpaka Mukuru kwa Reuben kwa binamu yetu mmoja anayelima kwenye matairi. Alipofariki, Baba aliendeleza bila kukosa. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kurudisha hata koleo moja kwenye ile nepia. Tuliona ni uchoyo.

Daktari aliposikia hayo alicheka mpaka akashika magoti. "Basi mzee, ng'ombe wako anatafuta kwenye mifupa ya Kiamaiko kile ulichowapa watu wa Kayole kwenye magunia."

Akatupa unga wa madini, kijiko kila asubuhi ndani ya pumba. Lakini akasema unga ni wa kumshikilia tu, huwezi kumlisha ng'ombe kwa kijiko maisha yake yote. Dawa yenyewe iko ardhini. Na hapo ndipo penye kazi, akasema, kwa sababu fosforasi haitembei. Ile ya kukuzia ukiimwaga juu mvua inaishusha, hii ukiimwaga juu inakaa pale pale ulipoiacha. Mizizi hii mifupi haitaifuata. Ing'oeni, mpande upya, mbolea iwe chini shimoni mzizi uikute.

"Nyasi haipandwi mara mbili," Baba akasema, akaondoka kwenda kwa ng'ombe wake.

Nilidhani atalegea. Hakulegea. Nilimwambia Jumatatu, nikamwambia Jumatano, Ijumaa nikampigia kelele. Kila mara alisema tutaona. Methali inasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya mkuu asiyesikia la mdogo haipo, kwa sababu wanaozitunga ni wao.

La samadi nililimaliza mwenyewe. Jumapili mwenyekiti wa akina mama alikuja kutuona, akanywa chai, akaomba vizuri, kisha akatoa kwenye mkoba wake kigunia kilichokunjwa nadhifu.

"Leo hakuna," nikamwambia.

"Hakuna vipi? Ng'ombe amefunga choo?"

"Hakufunga. Inarudi shambani. Daktari amesema."

Aliangalia kile kigunia, akaniangalia mimi, akakikunja tena. Baba hakuweza kuvumilia. Aliingia jikoni akatoka na pakiti yangu ya sukari, nzima, haijafunguliwa, akamwekea mgeni mkobani kwa mikono miwili. Jioni hiyo watoto wangu walikunywa chai isiyo na sukari na nilihakikisha Baba anajua kwa nini.

Mvua ya masika ilipoanza, nilikuwa nimechoka kungoja. Miezi ilikuwa inakwenda na kaka alikuwa anapiga simu kuuliza kama mzee ameanza kuzoea. Kuzoea nini, ng'ombe hajatoka! Jumamosi moja Baba alikwenda kwenye mkutano wa wazee wa kanisa kupanga mazishi ya mtu, na mikutano hiyo naijua, haiishi kabla ya saa nane. Nikachukua jembe.

Nilichagua safu moja tu, nimwonyeshe. Nikachagua ile iliyo karibu na ukuta kwa sababu ilikuwa mbovu kuliko zote, fupi, yenye zambarau mpaka majani ya katikati. Mashina yaling'oka bila kunisumbua. Nilikata vipande vya vifundo vitatu vitatu, nikachimba mashimo, kila shimo nikatia kifuniko kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia, nikafunika na udongo kidogo isije ikaunguza, nikaongeza samadi, nikasimamisha vipande vikiwa vimelala upande kidogo kama daktari alivyoonyesha. Udongo wetu ni ule mweusi unaonata, gambuti zilikuwa nzito mguu haunyanyuki. Mgongo uliniuma, lakini nilikuwa na furaha. Nilikuwa nashinda ubishi.

Baba alirudi kabla ya saa nane. Alipitia kwanza zizini, hakuniona, akaja nyuma ya ukuta akiwa bado na koti lake la mkutano na kofia. Alisimama. Aliangalia ule mstari wa udongo mtupu kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Umeng'oa hii."

"Ndiyo, Baba. Ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Nilitaka uone."

Akavua kofia. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Baba havui kofia nje.

"Hii ndiyo aliyopanda mama yako," akasema. "Hizo zingine nilipanda mimi."

Sikujua. Naapa sikujua. Siku zote nilidhani walipanda pamoja. Akaniambia, kwa sauti ile ile anayotumia kuulizia chumvi, kwamba siku Mama aliyoshuka kwenye basi na lile gunia, yeye alikuwa kazini. Mama hakumngoja. Hakubadilisha hata nguo za safari. Baba aliporudi jioni alikuta safu moja imeshasimama kando ya ukuta na mke wake amekaa chini ananawa miguu kwa maji ya kopo, anamcheka kwamba mwanamume wa reli amechelewa. Wiki iliyofuata yeye akapanda kumi, ili asichekwe tena.

"Na hii ndiyo nimeipa mbolea kuliko zote," akasema. "Kila mvua niliiongezea."

Ile ya kukuzia. Aliipenda safu hiyo akaipa zaidi, ikatoa majani upesi tukaikata mara nyingi kuliko nyingine, ikaisha mapema kuliko nyingine. Daktari alinieleza baadaye, lakini hata pale pale nilielewa kiasi cha kutosha. Nililia. Mwanamke mzima, na jembe mkononi, nililia mpaka makamasi. Nilisema, "Baba nisamehe, nisamehe," na yeye hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Aliinama na koti lake zuri akaanza kushindilia udongo kwa kiganja kuzunguka kipande cha kwanza, kisha cha pili.

"Hiki umekisimamisha vibaya," akasema. "Mvua itakilaza."

Tulimaliza safu hiyo pamoja.

Wiki zilizofuata zilikuwa kimya nyumbani. Alinisalimia, akala, akashukuru kwa chakula. Lakini asubuhi hakuanza tena kwa ng'ombe, alianza kwa ile safu. Nilimwona kutoka dirisha la jikoni akienda na mikono nyuma, anatembea polepole kando ya vijiti vilivyosimama matopeni, anarudi. Vijiti vitupu. Nimewahi kuombea mitihani ya watoto, nimeombea kazi, nimeombea mume na nikaja kuomba aondoke, lakini sikuwahi kufikiri nitapiga magoti kuombea nyasi. Nilipiga. Nilimwambia Mungu kwamba hii ikikauka mimi sina uso wa kukaa nyumba moja na huyu mzee.

Siku moja nikiwa natafuta soksi za kwenda kazini nikamsikia ananiita nje. "We mtoto! Njoo!" Nina miaka arobaini na sita, lakini kwa Baba mimi ni we mtoto. Nilikwenda bila viatu. Kwenye kifundo cha juu cha kipande cha tatu kulikuwa na ncha ya kijani, ndogo kama ukucha wa paka. Aliinyooshea kidole tu. Kufikia mwisho wa juma vyote vilikuwa vimechipua isipokuwa vinne, na hivyo vinne Baba alivipanda upya mwenyewe.

Ng'ombe naye alikuwa anabadilika. Manyoya yalianza kung'aa. Mifupa aliacha, nilimjaribu na kiatu kikuukuu, akakinusa akanigeuzia mgongo. Mwezi wa sita, asubuhi moja, akaanza kulia na kuhangaika zizini, anataka dume. Tukamwita yule bwana anayekuja na mtungi wa mbegu. Nilimjulisha kaka, naye akasema, "Sawa, lakini hii ni ya mwisho." Baba alikuwa kando yangu akasikia. Akaenda kumkatia ng'ombe nyasi.

Safu ya Mama ilikuwa imenifika kifuani wakati huo. Majani yalikuwa mapana kama mkanda wa kiunoni, meusi kwa ukijani, na zambarau haikuwepo hata kwa dawa. Nilijaribu kung'oa shina moja kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha kwa mguu nimekanyaga ukuta. Wapi. Zile kumi za Baba zilikuwa pale pale, zinapendeza kwa mbali.

Daktari alirudi mwisho wa mwezi wa nane. Alivaa glavu ndefu mpaka begani, Baba akashika mkia, mimi nikashika kichwa, nikakishika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Dada yule aliingiza mkono akatazama paa la zizi, anatafuta kwa vidole. Alikaa hivyo muda ambao kwangu ulikuwa wa kunizeesha.

"Yupo," akasema.

"Nani?" Baba akauliza.

"Ndama, mzee. Miezi miwili na zaidi."

Mayi wee! Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta akidhani kuna msiba. Nilimkumbatia daktari na glavu yake. Nilimuuliza ni unga au ni nyasi, akacheka akasema unga ndio umemvusha mpaka hapa, safu moja haiwezi kulisha ng'ombe, lakini huyu ndama atazaliwa, na mama yake atahitaji kula miaka inayokuja. Nikaenda barabarani kumpigia kaka simu, na yale niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa kwa sababu watoto wangu watasoma.

Niliporudi, Baba hakuwa zizini. Nilimkuta nyuma ya ukuta, amesimama katikati ya safu zake, kofia mkononi. Nilidhani anaomba, nikasimama mbali. Aliponiona akaniuliza mvua ya vuli huanza lini siku hizi.

"Mwezi wa kumi, Baba, ikitaka."

Akaitikia kwa kichwa. Akashika shina moja la safu yake, akalivuta, likatoka.

"Basi mwezi wa kumi ng'oa zangu."

"Ngapi?"

"Zote," akasema. "Mbegu utakata kwa mama yako."